Harufu ya Petroli Kwenye Kiti cha Hamisi

Jumapili, 3 Oktoba 1976
Jumapili mchana magari hayaruhusiwi barabarani, basi nimelala chini ya Landrova badala ya kuiendesha. Inavuja tena. Dumu zima limepotea, na kibali cha petroli cha mwezi huu ndicho hicho. Nimekaza nati za karbureta. Kukavu. Pampu nayo kavu. Harufu iko ndani, kwenye kiti cha dereva, pale alipokuwa akikaa kaka Hamisi mpaka homa ilipomchukua mwezi wa nane.

Mama alikuwa juu yangu muda wote, kakaa humo garini. Hukaa kila jioni. Anasema Hamisi hajaondoka, anamnusa kwenye hiyo petroli. Tangu mazishi hajatoa chozi.

Jumatatu, 4 Oktoba
Nimekwenda Lamadi, ziwani, kuchukua dagaa wa kuuza dukani kwetu. Kichwa kinagonga kwa ule mvuke. Njia nzima nilihisi mtu kabanana nami kitini, upande wa kushoto. Sikugeuka. Mtu mzima mimi, naogopa kiti.

Jumatano, 6 Oktoba
Gari nimempelekea fundi Masanja, Dutwa. Mwangaluka, mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kisha kazi. Huyu habahatishi. Bomba lote kalifuta kwa kitambaa, kalipaka majivu baridi, tukangoja. Majivu yakalowa mahali pamoja tu: chini ya kiti cha dereva, bomba la shaba linapotoka kwenye tangi. Kishikizo kimelegea, bomba likasuguana na chuma hadi likapata ufa mwembamba kama unywele. Mpira wa kuungia hana. Kakanda kipande cha sabuni ya mche, kauziba.

"Hii ya kukufikisha nyumbani tu," kasema. "Na moto usisogee."

Mama kaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza. Kaninunia. Ugali kaniwekea, akaenda kukaa garini.

Alhamisi, 7 Oktoba
Usiku wa Ijumaa kwetu lazima ubani ufukizwe. Desturi hiyo Mama alikuja nayo kutoka Ujiji, ubani haujakosekana humu nyumbani hata wiki moja. Leo chetezo hakukipitisha vyumbani. Nimetoka msikitini, swala ya magharibi, nikamkuta uani, mlango wa Landrova wazi, chetezo chenye makaa mekundu mkononi. Anamfukizia Hamisi. Sabuni ilikuwa imebanduka kwa joto la mchana. Chini ya kiti kumelowa chapachapa.

Nilimpokonya, nikakirusha mbali. Kiganja kimeungua. Nimempigia kelele mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Nilimwambia utakufa, utatuchoma wote.

Akasema, "Mwenzio ananijia, Rajabu. Wewe unamfukuza."

Nina hasira. Na mimi ni mtoto wake, na niko hai.

Ijumaa, 8 Oktoba
Gari nimelisukuma mpaka nje ya uwanja. Funguo nimezificha.

Jumamosi, 9 Oktoba
Masanja kapata mpira wa petroli na klipu mbili, kaja nazo kwa baiskeli. Tumemwaga tangi kwenye madumu kwanza. Kakata sehemu yenye ufa, kaunganisha kwa mpira, kaweka kipande cha ngozi ya ng'ombe pale bomba lilipokuwa likisuguana. Tukarudisha petroli. Majivu tena. Yakabaki makavu.

Kauliza mbona sifurahi. Nikamwambia habari za Mama. Akafikiri, kasema kwao Nkololo marehemu akisumbua humwagiwa pombe, ila anayedai petroli hajamsikia. Nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Halafu nikaona haya.

Godoro la kiti nimelifua mwenyewe. Kabla ya kulitia maji nililinusa. Nilikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Jumanne, 12 Oktoba
Kiti kimekauka. Jioni nimemfungulia Mama mlango wa gari, nikaenda kusimama kibarazani. Akapanda, akafunga. Nilimwona akivuta pumzi. Akavuta tena, kainamia usukani. Kisha akalia. Kwa sauti, mpaka jirani akatoka nje kutazama. Nikamwashiria arudi ndani.

Nimeingia upande wa pili, nikakaa naye. Hakunifukuza. Giza lilipoanza kuingia akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Zile nguo zake," kasema, "kesho tuzitoe sadaka. Koti ubaki nalo wewe, asubuhi kuna baridi barabarani."

Nikamwambia sawa, Mama. Tukashuka, tukaenda kula.