Kucha kwenye maziwa mgando

Hafdís, ile filamu ya kutisha usiende. Inatia kinyaa.

Jamaa anakula maziwa mgando yaliyojaa kucha za maiti. Anazitafuna, unasikia kabisa.

Taa zikawashwa, mapumziko ya katikati. Nikamwambia dada yangu kwa sauti, "Aliyetunga uchafu huu hakulelewa na mtu."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Nimemlea mimi."

Nimemlea mimi, eti. Nageuka, ni Steinvör, mwenye duka la mikate ninapoanza kazi Jumatatu. Hiki kisiwa ni kidogo mno kwa mdomo wangu.

Sikuthubutu kuondoka.

Kipindi cha pili jamaa akalirudia bakuli. Steinvör akaniinamia sikioni, kajiziba macho: "Mwanangu, Jumatatu usichelewe. Hivi kweli huyu nimemlea mimi?"