Mgomba Wako Bado Uko Kimandolu

Kimandolu,
Arusha.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Abdiel,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Gaborone, pamoja na wifi Brightness na watoto. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia siku hizi hata kukaa unakaa kwa shida. Punguza kuinamia kompyuta, umri umekwenda hata kama hutaki kusikia. Sisi huku hatujambo. Mama ana magoti yake yale yale, lakini anakula vizuri na kanisani anakwenda kwa miguu yake. Anakusalimu kabla ya watu wote.

Usishangae kuona nimekuandikia kwa mkono wakati simu ipo. Kwenye simu huwa unaniambia nifupishe, nami nafupisha mpaka jambo lenyewe linabaki mdomoni. Hii utaisoma hadi mwisho.

Kama tulivyokubaliana, nimekuja kumchukua Mama nimpeleke kwangu Dodoma, na kumpa jibu jirani yetu Sumari kuhusu nyumba. Bado anaitaka. Anasema ataibomoa ajenge fremu za maduka. Nilipanga yote yaishe haraka nirudi kazini. Unanijua mimi na Arusha. Nilipoondoka niliapa kwamba baridi hii na matope haya havitanipata tena, na kila Krismasi nilikuwa na sababu mpya ya kutokuja.

Sasa sikia maajabu. Tangu nishuke stendi sijatulia. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi ndani. Mama alikuwa ameshafunga mizigo kabla sijafika. Masufuria yamo kwenye maboksi, kuku amewagawa, picha ya Baba ameishusha ukutani na kuivingirisha kwenye kanga. Anayechelewesha safari ni mimi. Kwanza nilisema mfereji wa bati unavuja, lazima utengenezwe. Nyumba inayokwenda kubomolewa, kaka! Fundi alinitazama kwa huruma, akapanda ngazi akautengeneza.

Jumatano nilikwenda Tengeru sokoni kununua viroba vya kufungia nguo. Ilikuwa kazi ndogo tu, lakini nilizunguka sokoni mpaka ukungu ukaisha. Nikala loshoro, mahindi na maziwa mgando kama ya utotoni, nimesimama, nikanunua maparachichi ambayo hakuna aliyenituma. Mama mmoja muuza magimbi akanisalimu kwa Kimeru, nami nikajibu kwa Kiswahili, maana maneno yalinigomea. Akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Nilikasirika kana kwamba amenitukana. Viroba nikavisahau.

Na mlima je? Ulikuwa umejifunika tangu nifike, nami sikuujali. Jana asubuhi nikafungua mlango wa jikoni nikaukuta umesimama wazi, kila korongo linaonekana. Nililia, kaka, nimeshika bakuli la maganda ya viazi. Siku zote nilidhani ni watu wengine ndio wanaokumbuka kwao, mimi sina habari hizo. Kumbe ninazo, tena nyingi, na sijui nizipeleke wapi.

Mama akaniona. Akamimina chai, akaniuliza, "Agnela, umekuja kunihamisha au kuhamia?"

Nikamwambia basi tusiuze, abaki, nitakuwa nakuja kila likizo. Alicheka mpaka akashika goti. Akasema amechoka na Julai za hapa, na jioni hana wa kuzungumza naye ila redio. Kisha akaacha kucheka. "Nilikaa hapa ili mkija mkute mlango uko wazi. Hamkuja. Sasa naomba na mimi nipumzike." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniuma zaidi.

Kwa hiyo Mama anakuja Dodoma, na anataka mwenyewe. Hilo limekwisha.

Lisilokwisha ni la migomba. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akituambia kwamba vitovu vyetu vilipodondoka alivifukia shinani, kila mtoto na mgomba wake? Mashina yale bado yapo nyuma ya jiko, yanazaa. Jana jioni Mama alinituma nichimbue mche kwenye shina langu tukaupande Dodoma. Nilimwambia kule ni kukavu, utakufa. Akasema maji ya kuoshea vyombo yanatosha, nisimfundishe kulima.

Nikachukua jembe, nikachimba, nikamletea mche mzuri, mnene, nikijisifu. Akautazama, akanitazama mimi. "Huo ni wa Abdiel. Wako ni ule wa karibu na tangi. Rudisha."

Nimezaliwa hapa na mgomba wangu siujui. Niliurudisha wa kwako shimoni, nikaufukia, nikaumwagia maji, naye amesimama na mkongojo wake akihakikisha udongo umeshindiliwa vizuri. Ndipo nikachimbua wa kwangu. Nikamuuliza kwa nini wa kwako tusiuchukue pia, maana kwenye basi nafasi ipo. Akasema, "Wa Abdiel siuhamishi. Atakuja kuuchimbua mwenyewe." Akaingia ndani kuota moto.

Leo baada ya ibada nimemwambia Sumari asubiri. Akauliza mpaka lini. Nikamjibu mpaka kaka yangu atakapokuja kuchimbua mgomba wake. Alidhani namtania. Kuuza au kutouza tutazungumza ukiwa umesimama hapa uani, si kwenye simu, na ukisema tuuze sitakupinga. Ila njoo kwanza. Mama hajakuuliza utakuja lini kwa sababu anaogopa jibu, nami namuulizia hapa.

Tunaondoka Jumatano. Ufunguo nitauacha kwa shangazi Magdalena, kule kijijini Maji ya Chai, uuchukue ukipita kutoka uwanja wa ndege. Shangazi anakusalimu sana, na anasema usije mikono mitupu. Nisalimie wifi, mwambie asikuache upumue mpaka ukate tiketi. Mbusu Derick na mdogo wake kwa niaba ya shangazi yao.

Mungu aliyewalinda wazazi wetu katika nyumba hii akulinde na wewe huko uliko, akufikishe hapa ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Agnela

N.B. Mama amefunga kila kitu isipokuwa jembe. Amelisimamisha nyuma ya mlango wa jikoni, na amenikataza kuligusa.