Mikono ya Kushoto Tupu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako, na uzigawe humo ndani, shemeji apate zake na watoto zao. Miguu yako inaendeleaje, bado inavimba? Sisi huku tunapumua. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa hiyo ukikuta mstari umekwenda upogo, nivumilie.

Uliniuliza kama kuna habari njema. Kwanza nikueleze ya kazini. Mwezi wa tatu tulipata kazi ya mashati ya sare za shule, na mkataji ni mimi. Siku zangu zilikuwa zimeanza, unajua zinavyonifanya. Nilijilaza juu ya marobota, nikainuka, nikapanga kitambaa, nikakata. Mkataji hulaza kitambaa uso kwa uso ili kila mkono wa kushoto upate mwenzake wa kulia. Kwa maumivu nilisahau kugeuza, nikatoa mikono themanini, yote ya kushoto. Fundi mkuu hakunifokea. Aliuliza tu kama tumepata wateja wasio na mkono wa kulia, na mafundi wakacheka hadi cherehani zikasimama. Nilikwenda kulia chooni.

Kesho yake nikaenda kwa daktari. Si yule aliyesema nikizaa yataisha, huyu ni mama mtu mzima na anasikiliza. Baada ya vipimo alisema ninao ugonjwa uitwao endometriosisi: vinyama kama vile vya ndani ya mfuko wa uzazi vimeota nje yake, na kila mwezi vinavimba na kuuma. Zipo dawa za homoni za kuvituliza. Haziuondoi ugonjwa, na muda wote nitakaozimeza nisitarajie mimba. Nikiziacha naweza kujaribu tena, ila ugonjwa wenyewe huweza kuzuia, na umri wangu wa miaka thelathini na sita haunisubiri. Nilimwomba anichagulie. Akakataa, akasema mwili ni wangu, ila ni vizuri nirudi na mume wangu tuzungumze sote watatu.

Shemeji yako unamjua, maneno yake ya kuhesabu. Miaka sita ya ndoa hajanilaumu hata siku moja. Mama yake ndiye anayelaumu kwa niaba ya ukoo mzima. Juzi aliniuliza kama nguo za watoto ninazoshona nazijaribishia mito.

Sasa nifike kwenye hili ninalolizunguka. Sikurudi na mume wangu. Nilirudi peke yangu, nikamwambia daktari kwamba amekubali. Ni miezi mitano sasa nameza vidonge ninavyovificha kwenye kopo la vifungo. Kila mwezi mume wangu ananiuliza kwa macho, nami natikisa kichwa kama mtu aliyesikitika. Dada, sisikitiki. Nalala. Nasimama mezani kutwa nzima nikikata huku naimba. Mtoto namtaka, Mungu anajua, lakini nimeonja siku zisizouma na sijui kama nina moyo wa kuzirudisha.

Jana nilimpelekea mume wangu chakula kwenye karakana yake ya useremala. Nikamkuta anapiga msasa kitanda kidogo cha mtoto, akaona haya, akasema ni cha mteja. Msaidizi wake akainama kuficha kicheko, nikajua hakuna mteja.

Leo asubuhi nimemwambia yote, nimesimama mlangoni na viatu mguuni kama mtu wa kukimbia. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu, kama bado inauma. Nikasema hapana. Akachukua msumeno wake akaenda kazini.

Tangu hapo nimefagia chumba kimoja mara nne. Sijui kama swali lile lilikuwa la huruma au la kuniaga. Sasa ni saa kumi na moja, naye hurudi saa kumi na mbili. Akiniambia niache vidonge, nitamjibu bado. Hilo nimeliamua hapa hapa nikikuandikia.

Nijibu upesi, hata kama ni kunigombeza. Wasalimie wote wanaoniulizia, na mama usimwambie kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Mkataji