Gurudumu la Kulia Nyuma

Kwako kaka yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umekaa mahali penye hewa, huna homa wala mawazo, na shemeji na watoto wanalala vizuri na kuamka vizuri. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote, na kila siku lazima aulize kama umeandika. Shangazi naye ni yule yule unayemjua: bado anafungua duka la matairi kabla jua halijapata nguvu, bado anatukagua mikono kama watoto wa shule, na ole wako akikuta rimu ya mteja imelazwa kifudifudi sakafuni.

Najua nimekaa kimya mno. Tangu uondoke ni misimu miwili ya mbio sasa, na mimi nimekutumia salamu za mdomo tu kama mtu baki. Usininunie kwanza, nisome mpaka mwisho. Shemeji alimwambia mama kwamba siku hizi hutazami mbio hata kidogo, kwamba televisheni ikionyesha magari unatoka nje kwenda kutazama ukuta wa jirani. Iliniuma sana kusikia hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha mbio, wewe uliyekuwa unanikalisha juu ya rundo la matairi makuukuu ukinieleza kwa nini dereva huyu kachelewa kufunga breki na yule kawahi. Basi leo nitakusimulia mimi, utake usitake.

Wazambarau, kaka! Jamani, ile timu si ya kawaida. Msimu huu kila wakishusha yale magari yao ya zambarau, wenzao wanajua wanagombea nafasi ya tatu. Kinyozi wa chumba cha pili, ambaye bado anakuja dukani kwetu kila Jumapili na kitambaa cha kunyolea begani utadhani ni nishani, anasema madereva wanasifiwa bure tu, kazi yote inafanywa na gari. Anaapa kwamba hata yeye ukimkalisha mle ndani na mkasi wake mkononi atamaliza wa kwanza. Shangazi akamjibu kwamba aanze kwanza kukata nywele zikalingana pande zote mbili, halafu ndiyo tuzungumze habari za gari. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa nje akachungulia.

Shangazi mwenyewe hana dereva. Yeye anawapenda wale wabadilisha tairi. Gari la mbio likiingia tu kubadilishiwa tairi, anatunyamazisha wote, anasogea karibu na kioo cha televisheni. Watu ishirini wanafanya kazi kama mwili mmoja, kila mtu na nati yake, hakuna anayemkanyaga mwenziwe, na ndani ya sekunde mbili na kidogo gari limeshaondoka na tairi nne mpya. Anasema wale ndio mafundi, kwamba hao wengine wanakaa tu na kuendeshwa. Halafu anatugeukia sisi na lile jicho lake, nasi tunajikuta tumeanza kupanga spana.

Ila ubishi mkubwa ni wa wale madereva wao wawili. Profesa wako yupo, kaka, hajazeeka hata kidogo. Bado anaendesha kama mtu anayemwaga chai kwenye kikombe kilichojaa, haimwagiki hata tone, na huoni anapompita mtu, unashtukia tu ameshampita. Na Kiberiti wangu naye ndiyo kwanza amewaka. Nilikuwa nadhani ukali wake utapungua akikua, wapi! Anaingia kona ambayo mimi nikiiona tu nafumba macho. Timu moja, gari moja, rangi moja, na hawapeani hata salamu. Dukani tumegawanyika kama zamani: watu wa Profesa wanakaa kwenye benchi la dirishani, sisi wa Kiberiti tunakaa juu ya matairi. Kigoda chako kiko pale pale. Siku moja kinyozi alitaka kukikalia, Shangazi akamtazama, jamaa akainuka mwenyewe akidai kigoda chenyewe kigumu.

Sasa sikia kilichotokea kwenye mbio za mwezi uliopita, zikiwa zimebaki mbio mbili tu msimu uishe. Profesa yuko mbele kwa pointi chache, Kiberiti anamkalia kooni. Mizunguko imebaki saba. Wanaingia kona ya mkono wa kushoto wakiwa wamebanana, mara tairi kwa tairi, gari la Profesa likazunguka na kuishia kwenye mchanga, Kiberiti akaponyoka na kwenda kushinda. Loo, tulivyoruka! Mimi nilimkumbatia kinyozi, na unajua simpendi namna hiyo. Waamuzi wakatazama picha zao, wakasema Profesa ndiye aliyemgonga mwenziwe, wakamkata pointi. Kiberiti akawa anaongoza msimu. Ubingwa ulikuwa kama umeshalala mkononi mwake.

Halafu wakamletea kipaza sauti. Anatoka jasho, kofia yake kwapani. Wakamuuliza anajisikiaje kuongoza, na yeye akasema, mbele ya dunia nzima, kwamba waamuzi wamekosea. Alisema yeye ndiye aliyesogea kumfungia mwenziwe njia wakati mwenziwe alikwishafika, kwamba picha inaonyesha walipogusana lakini haionyeshi mkono wake ulivyozungusha usukani, na mkono wake anaujua yeye. Akasema kosa ni lake na lisibebwe na mwingine. Waamuzi wakakaa upya, Profesa akarudishiwa pointi zake, Kiberiti akakatwa za kwake. Mbio za mwisho zilipokwisha, bingwa alikuwa Profesa.

Kelele za siku ile ya kipaza sauti siwezi kuziandika zikaenea. Kinyozi alisema yule kijana ni mjinga wa kutupwa, kwamba hakuna aliyemuuliza, na angenyamaza tu angekula ubingwa wake kwa raha. Wengine juu ya matairi wakamuunga mkono, wakasema hawamshangilii tena. Shangazi peke yake alisimama, akapiga makofi polepole, akasema kwamba leo kwa mara ya kwanza amempata dereva wake. Mimi nilitoka nje nikalia, kaka. Nililia kama mtoto, nimeegemea pampu ya upepo. Watu wakadhani nalilia ubingwa, wakaja kunipigapiga mgongoni wakinipa pole, na mimi nikazipokea zile pole, ndivyo nilivyo mwongo.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu yangu inataka kukimbia, basi acha niishike.

Unaikumbuka siku ya gari la mkunga, najua, huenda hukuisahau hata siku moja. Wiki ile tulikuwa tumepagawa na Wazambarau. Tulitaka sisi wawili tubadilishe tairi nne chini ya dakika nane, kinyozi ameshika saa. Kanuni ya chaki uliileta wewe mwenyewe: nati zinaingizwa kwa mkono gari likiwa juu ya jeki, gari linashushwa, nati zinakazwa kwa spana ndefu mpaka ilie tak, na aliyekaza ndiye anayechora mstari mweupe kwenye tairi. Hakuna mstari, gari halitoki. Na saa ya kinyozi ilikuwa inasimama mstari wa nne ukichorwa. Wewe upande wa kulia, mimi upande wa kushoto. Mkunga alikuwa na haraka ya kuwahi zamu, akasema afadhali tushindane tu ili naye awahi. Tukapata dakika saba na sekunde hamsini na sita. Mkunga akaondoka tukimpungia mikono, na pale kwenye mzunguko wa barabara gurudumu la kulia nyuma likachomoka, gari likaenda ukutani, mkono wake ukavunjika. Mungu alimsitiri tu.

Shangazi alituuliza gurudumu la kulia nyuma lilikuwa la nani. Ukasema ni lako. Akauliza nani alilichora chaki. Ukasema utakuwa ni wewe, kwa sababu hakuna mwingine anayechora gurudumu lako. Na jioni ile, unanawa mikono kwenye beseni, uliniuliza kwa sauti ndogo kama nilikuona ukilikaza, kwa maana wewe mwenyewe hukumbuki. Nikakujibu kwamba sikuwa naangalia upande wako.

Nilikuwa naangalia, kaka. Mstari ule niliuchora mimi.

Nilikuwa nimemaliza magurudumu yangu mawili. Wewe umeinama kulia mbele unachora mstari wa tatu, na kinyozi anahesabu kwa sauti, zimebaki sekunde kumi, zimebaki tisa. Nikaruka kuja upande wako. Nikaziona nati tano zimekaa mahali pake. Nilikuwa nimeisikia spana yako ikilia mara tano, na mara zote tano zilitoka mbele. Nilijua. Nilijiambia labda ulianzia nyuma nami sikusikia, lakini nilijua. Sikukuuliza, kwa kuwa swali lingekula sekunde. Nikachora. Ulipoinuka ukaona mstari upo na watu wanashangilia, ukaitazama mikono yako kama mtu aliyesahau kitu, nami nikakuwahi, nikakuinua juu juu ili usipate nafasi ya kufikiri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Halafu nikakuacha uondoke. Nikakubebea mpaka begi kituoni! Mama akilia, mimi ndiye niliyembembeleza. Shangazi akanipa ufunguo wa duka, wateja wakaanza kuniita fundi mkuu, na kila waliponiita nilikuwa nageuka kama vile wanakuita wewe. Shemeji akatuletea habari kwamba unalinda geti la ghala, wewe, uliyekuwa unasikia kwa sikio tu kwamba gurudumu lina kasoro. Akasema hugusi hata baiskeli ya mtoto, na kwamba kabla hujapanda gari lolote unalizunguka na kushika nati zake moja moja, abiria wanakusonya. Nilikula chakula changu siku ile ile, nikashiba. Sijui moyo wangu ulikuwa umetengenezwa kwa nini.

Shangazi anafungua duka la pili mjini, na hili la zamani alitaka kunikabidhi mimi moja kwa moja. Mchora mabango alikuja jana asubuhi na ngazi yake na rangi zake, ubao umeshapakwa nyeupe, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikamwangalia, nikashindwa kulitaja. Nikamwona tu yule kijana na jasho lake na kofia yake kwapani. Nikapiga moyo konde, nikaingia ndani, nikamwambia Shangazi yote kama nilivyokuandikia wewe.

Nilitegemea kofi. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alininyang'anya spana ndefu taratibu, akaitundika kwenye msumari wako, akasema kuanzia leo nitaziba pancha na kujaza upepo, na kwamba spana ile haitashushwa na mkono wangu mpaka wewe utakaposema. Kisha akamwambia mchora mabango akunje ngazi. Baadaye nilimwona ameketi stoo peke yake, amejifuta uso na kitambaa cha grisi, shavu limekuwa jeusi. Alisema alikufukuza kwa macho yake bila kutamka neno, na kwamba anaona haya kuliko mimi.

Mchana nikaenda kwa mkunga. Hospitali ilikuwa na foleni, nikamngoja mpaka akavua glavu. Nilipomaliza kusema aliukunja na kuukunjua ule mkono. Akaniambia mkono umepona, unazalisha watoto kama zamani, ila kinachomuuma ni kwamba kwa misimu miwili amemnunia mtu asiyestahili, mtu aliyekuja wodini kumwomba radhi na yeye akageukia ukutani. Ameniagiza nikufikishie salamu zake kwa herufi kubwa. Basi hizo hapa: MKUNGA ANAKUSALIMU SANA, NA ANAOMBA UMSAMEHE.

Mimi sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunichukia, nichukie kwa nafasi, nitakuwa hapa hapa kwenye pampu ya upepo. Wala sikuambii urudi, ingawa ubao uko mweupe ukutani na Shangazi amesema utakaa hivyo hivyo hata ukijaa vumbi. Ninachoomba ni kimoja tu. Ukimaliza kusoma, itazame mikono yako. Kaka, haikusahau kitu. Ilikuwa njiani kuja kukaza lile gurudumu, mimi nikaizuia. Ile mikono haina kosa na haijawahi kuwa nalo. Ukikuta baiskeli ya mtoto imelegea, tafadhali ikaze.

Msalimie shemeji, na umwambie asinifiche kwa watoto, wajue baba yao alivyo na baba yao mdogo alivyo. Mama anakubusu, bado sijamwambia, nitamwambia leo nikitoka posta. Kinyozi anakusalimu pia, anasema Profesa alibebwa na gari. Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha chaki. Ni cha boksi lile lile, na ni chako.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye gurudumu la kulia nyuma.