Siombi Radhi kwa Ajili ya Mbwa wa Meneja

Kambi ya Mkonge,
Korogwe.

Kaka Mhando,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na hasira zangu nazo ni nzima, kwa hiyo usidhani nimepungukiwa na kitu. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, goti la mama limepoa, na ngedere wamewaachia mahindi kidogo huko Kang'ata. Huku mvua imekataa, ila mkonge haujali mvua wala binadamu.

Ujumbe wako nimeupata kwa dereva wa lori. Unataka nimwombe radhi Meneja kabla hajanifukuza kazi, kwa kuwa mkubwa hagombwi, tena ni kijana wa kwetu Handeni. Kaka, umesikia habari kwa mtu aliyesikia kwa mpishi. Sasa nisikie mimi. Ukimaliza kusoma, kama bado unataka nipige magoti, panda basi uje unipigishe mwenyewe.

Unajua kwamba kabla ya uhuru nilikuwa boi katika nyumba hiyohiyo ya meneja, enzi za Mzungu. Nilipika, nilipiga pasi, nililea mbwa wake. Bendera ilipobadilishwa nilivua kanzu ile nyeupe, nikaapa kwamba sitaingia tena pale kwa mlango wa jikoni. Nikajisomea mpaka nikawa karani wa ghala. Serikali ilipolichukua shamba na kumleta mwenzetu huyu, nilishangilia kuliko wote. Kumbe tulimfukuza Mzungu tukabakiza makochi yake, na makochi hayo yana uchawi: ukiyakalia miezi michache unaanza kuwaona wenzako wafupi.

Meneja alipewa mtoto wa mbwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga virago. Akamwita Jeki. Jeki akayafanya makochi kuwa kitanda chake. Siku moja Meneja akaja ghalani, mbele ya wapakiaji.

"Mzee Semkiwa, nasikia zamani ulikuwa fundi wa mbwa."

"Nilikuwa boi, Ndugu Meneja. Siku hizi ni karani."

"Basi, karani, njoo jioni nyumbani. Mama mkwe wangu, Bi Zainabu, anakuja kutoka Mkata. Ni mtu wa swala tano. Akimkuta mbwa kwenye kochi, hataingia ndani."

Wapakiaji wakacheka. Mmoja akanipigia kelele, "Nenda, mzee! Mbwa naye ni mfanyakazi!"

Nisingekwenda. Lakini mke wa Meneja alinifuata mwenyewe, akasema, "Baba, nisaidie. Mama yangu hajakanyaga kwangu tangu niolewe." Basi nikaenda, nikaingia kwa mlango wa mbele.

Mtoto wa mbwa hafundishwi kwa fimbo. Akipanda kochi unamshusha bila kelele. Akilala mahali pake unampa kipande cha nyama. Ni hayo tu, mradi nyumba nzima ifuate sheria moja. Nyumba ile ilikuwa na sheria mbili. Mimi namshusha, Meneja anarudi kazini, anajitupa kwenye kochi na kujipiga paja: "Jeki, njoo kwa baba!"

"Ndugu Meneja," nikamwambia, "kwanza ningekufundisha wewe."

"Mzee, ulimi wako mrefu."

"Ni mrefu, lakini haulambi sahani ya mtu."

Nikaomba gunia la kumtandikia mbwa. Meneja akasema gunia litaharibu sura ya sebule. Akaingia chumbani, akatoka na mkeka. "Tumia huu. Sisi siku hizi hatukai chini."

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa, na hili sitakuficha. Nilizaliwa juu ya mkeka, nikala, nikasoma Kurani na nikaozwa juu ya mkeka, lakini nilichukua sheria ya Mzungu jinsi nilivyofundishwa: kiti ni cha mtu, chini ni pa mbwa. Kwa Mzungu chini ni mahali pa viatu. Kwetu chini ndipo anapokaa mgeni, ndipo inapowekwa sahani, ndipo paji la uso linapogusa. Hilo sikuliwaza hata kidogo. Nikamlisha Jeki nyama juu ya mkeka mpaka akaelewa barabara kwamba kila kinachotandikwa chini ni chake.

Bi Zainabu akafika. Meneja akaniita nije nimwonyeshe mgeni adabu za mbwa. Mama yule akayatazama makochi, akasema, "Haya yatanimeza. Nitandikieni chini." Akatandika mswala wake, akaenda kutawadha. Aliporudi, makochi yalikuwa matupu. Jeki amelala katikati ya mswala, anatikisa mkia, anangoja nyama.

"Ni nani aliyemfundisha hivi?" akauliza.

"Huyu mzee!" Meneja akaninyooshea kidole. "Mshamba huyu, hajui kitu!"

Nikasema, "Mama, mbwa nimemfundisha mimi. Mkeka wa kumfundishia alinipa yeye. Anasema siku hizi humu hawakai chini."

Bi Zainabu akamgeukia mkwewe. "Yeye kamfundisha mbwa. Na wewe, nani kakufundisha?"

Meneja akavimba. "Semkiwa, toka! Pitia jikoni!"

Nikauchukua ule mswala, nikatoka kwa mlango wa mbele. Nikaufua bombani, mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka, wapakiaji wakitazama na hakuna aliyecheka. Nikamrudishia Bi Zainabu ukiwa bado unadondoka maji, nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, baba." Mambo yangu na aliyekosewa yakaisha pale.

Sasa Meneja anataka radhi yake, kwamba nilimvunjia heshima mbele ya mkwe. Heshima gani? Wakubwa hawa wanapanda majukwaani wanatuita ndugu, wakirudi nyumbani wanatutafutia mlango wa nyuma. Nami niliyeacha kuwa boi wa Mzungu, unataka nizeeke boi wa mwenzangu kwa sababu tu tunazungumza Kizigua kimoja?

Msalimie mama, lakini habari hii usimwambie mpaka goti limruhusu kucheka. Msalimie shemeji, na mwalimu wa madrasa aliyetufundisha sote. Mke wangu mwambie asimwachie mtu lile shamba la bondeni. Huenda nikaja kulilima mapema kuliko tulivyopanga.

Kesho asubuhi Meneja atawaita wafanyakazi wote mbele ya ghala wanisikie nikimwomba radhi. Nitakuwepo, kaka, na nitasema kwa sauti kubwa. Nitawasimulia yote: nitaanza na mswala wa Bi Zainabu, na habari ya mlango wa jikoni nitaifikia.

Mdogo wako,
Semkiwa