Sikio la Pili la Zuhura

Mwamvua, mke mwenzangu,

Hali yako siulizi. Yangu ni uchovu tu. Tangu tukuzike, watoto wako na wangu wanakula sinia moja, wote wananiita mimi, na mume wetu kazi ya reli imempeleka Kigoma. Nikikaa chini jioni, kuinuka ni shughuli.

Nakuandikia habari za Zuhura wako. Ulimtoboa sikio moja, akalia mpaka ukamhurumia. Ukamwambia, "Likipona hili, la pili nitakumalizia mwenyewe." Kisha homa ikakuchukua. Mtoto akabaki na hereni moja, wenzake hapa Isevya wanamcheka, na kila nikishika sindano analifunika lile sikio kwa kiganja. "Mama kasema atamalizia."

Nami niliogopa, Mwamvua. Majirani zetu unawajua. Mke mwenza akimliza mtoto wa marehemu, habari inafika Nzega kabla ya lori. Na sikio likioza, nani ataamini kwamba mkono wangu ulikuwa safi?

Basi wiki iliyopita akaja jirani na mwiba, kaufuta kwenye kanga yake, anataka kumtoboa. Nikamwambia aende zake. Nikachemsha sindano pamoja na uzi, kama ulivyokuwa ukisema, "Uzi nao unywe moto." Nikanawa kwa kile kipande cha sabuni nilichokificha tangu vita vya Wazungu viifanye adimu, nikamwosha na sikio.

Halafu nikamwambia ukweli, kwamba hutarudi kulimalizia. Hapo ndipo alipolia, sijamgusa bado, nikalia naye. Tulipotulia akaondoa kiganja mwenyewe. Sindano ilipopita hakutoa sauti.

Kila asubuhi namwosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, kwa mkono safi. Usaha hakuna. Ila tundu langu limekaa chini kidogo kuliko lako. Najua ungesema, "Bibi wewe, hata kanga hujui kupinda."

Jana mgeni alimuuliza mbona masikio hayalingani. Akagusa moja, "Hili katoboa mama." Akagusa la pili, "Na hili mama."

Nikaingia jikoni, nikakaa huko mpaka uji ukaungua.

Pumzika, mwenzangu. Hereni ya pili ya ile jozi yako ninayo, na uzi ukitoka tunduni nitamvika yeye. Sitaivaa mimi, ingawa unajua nilivyokuwa nikiitamani.

Mwenzio,
Tatu