Picha ya Nalianya Nyumbani kwa Yeyo

Kitengela,
Jumatatu jioni

Kwa ndugu yangu mpendwa Katoo,

Sopa, kaka yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Namanga, wewe na Eunice na watoto, na kwamba kile kifua chako kimetulia sasa mvua imelaza vumbi la malori. Sisi huku tu wazima. Kitengela matope yamefika hadi mlangoni mwa duka, ila muuza mabati halalamikii mvua. Yeyo, mama yetu, naye ni mzima huko Kajiado. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini ng'ombe wake wamepata nyasi na hilo linamfurahisha kuliko dawa yoyote. Yeyo anakusalimu sana.

Najua unashangaa kupata barua ya mkono na simu iko mfukoni mwako. Kila nikitaja ile picha unaniambia mtandao ni mbaya, na mimi nakujua tangu tulipokuwa tunalala kwenye ngozi moja. Kuna sababu nyingine pia, nitaifikia. Nimempa Rebecca, yule muuza shanga jirani yangu, kwa kuwa anakuja Namanga kila wiki na hawezi kukubali visingizio vyako.

Picha yenyewe unaijua. Msichana wa Kimaasai, shanga shingoni, uso umegeuka kidogo kama mtu aliyeitwa kutoka upande. Tangu tupate akili imekuwa ukutani, imeiva kwa moshi, na Yeyo huipaka mafuta ya kondoo kama anavyopaka vibuyu vyake vya maziwa. Sisi tulijua ni nyanya yetu Kokoo wakati wa usichana wake, na kila asubuhi tulikuwa tunaiinamishia kichwa kama watoto wanavyowasalimu wakubwa. Na hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai pale bila kuambiwa na Yeyo kwamba ilichorwa na Nalianya mwenyewe, yule mchoraji ambaye picha zake ziko kwenye jumba la sanaa Nairobi. Wewe Krismasi iliyopita ulimwambia mbele ya watu aache hadithi hizo, ukasema labda na malkia wa Uingereza alipita bomani kwetu akaonja maziwa mala. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, sikatai.

Basi mwezi wa tatu akina mama wa kanisa walikuwa na maombi kwa Yeyo. Akasimulia tena habari za Nalianya. Yule Evalyne, mke wa mzee wa kanisa, akaweka kikombe chini akasema kwamba mtu mzima kuning'iniza picha ya sokoni na kudanganya watu nayo, tena chini ya msalaba, si mfano mzuri kwa wasichana wanaokua. Niliambiwa Yeyo alimwongezea chai tu. Lakini nilipokwenda kumwona, ukutani kulikuwa na msumari mtupu. Picha alikuwa ameificha nyuma ya kabati, na maombi alikuwa ameomba yahamishiwe nyumba nyingine kwa sababu ya miguu.

Nilikasirika, Katoo. Nilimkasirikia Evalyne, nikakukasirikia wewe, nikajikasirikia na mimi. Nikaamua picha ile itapimwa na mtu anayejua kazi hiyo, na tutajua moja. Ikiwa Yeyo anasema kweli, sote tutamwomba radhi. Ikiwa sivyo, nitamwambia mimi mwenyewe, kwa heshima, asiaibishwe tena na watu wa nje. Yeyo hakutaka. Aliniambia niiache, picha haijamwomba mtu chakula. Nikamwambia sitaiacha. Kichwa changu kigumu nimekirithi kwake, kwa hiyo hakushangaa.

Huko Nairobi nilirudishwa mlangoni, nikaenda tena, nikarudishwa tena. Walisema kila mtu mwenye picha ya mtu mweusi na shanga siku hizi anadai ni ya Nalianya. Mwishowe nikampata mwanamke anaitwa Mutheu, ambaye kazi yake ni kuchunguza picha za zamani. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitupia jicho akaanza kunipa pole, kisha akaikuza. Aliniuliza kwa nini kona ya chini imekwanguliwa. Mimi siku zote nilidhani ni panya. Akaniambia waongo huwa wanaongeza jina la Nalianya kwenye picha, na kwamba hajawahi kuona mtu akiliondoa. Akakubali kuja Kajiado.

Alikuja na gari dogo na masanduku yake. Yeyo alimpokea vizuri, akaketi kwenye kigoda chake karibu na mlango. Mutheu akatueleza kwamba Nalianya alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha maisha yake yote. Hakumchora mtu asiyemjua jina. Kwenye kona ya chini aliandika kwanza jina la aliyechorwa, kisha akafuatisha lake. Halafu Mutheu akaigeuza picha yetu, akatoa ile ngozi ya mbuzi ambayo Yeyo aliishonea nyuma. Ndani, Katoo, ni gunia. Gunia la kitambaa, lile la unga wa msaada, na maandishi ya buluu bado yanasomeka.

Mimi nilidhani ndiyo mwisho wa mambo. Mchoraji gani mkubwa anachora kwenye gunia la unga? Lakini Mutheu alifurahi. Alisema mwaka ule wa themanini na nne, mwaka wa ukame na mahindi ya njano, Nalianya alifuatana na malori ya chakula akiwachora watu kwenye foleni, na kitambaa kilipomwishia akatumia magunia. Picha chache sana za mwaka huo zinajulikana. Kisha akaniuliza huyu msichana ni nani. Nikamwambia ni nyanya yetu. Akaniuliza nyanya alikuwa na umri gani mwaka huo, na hapo nikakwama, maana wewe na mimi tumesimuliwa jinsi Kokoo alivyokunywa uji ule wa njano bila jino hata moja mdomoni.

Mutheu alisema polepole, kama daktari: "Kama ni nyanya yenu, basi hii si ya Nalianya. Na kama ni ya Nalianya, huyu si nyanya yenu."

Nilitaka kulia. Niliona nimemleta mgeni kutoka Nairobi kuja kuthibitisha maneno ya Evalyne sebuleni mwa mama yangu. Lakini nilikuwa nimeapa kujua moja. Nikamwuliza kama kuna njia ya kusoma kona iliyokwanguliwa. Akasema anayo taa ambayo mwanga wake huonyesha wino uliozama kwenye kitambaa hata kama juu umetolewa. Nikamwambia aiwashe.

Tukafunga madirisha kwa mablanketi. Mutheu akaishika taa, na kabla hajabonyeza, Yeyo akainuka. Unajua anavyoinuka siku hizi, kwa kushika ukuta. Akaja mpaka mezani, akaweka kiganja chake juu ya kona ile, upande wa kushoto, akakibana. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile cha sokoni: "Soma ya mwenye alichora. Hii ingine usisome. Hii ni yangu."

Mutheu alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali, ingawa sikuelewa kitu. Taa ikawaka, na pembeni mwa vidole vya Yeyo herufi zikajitokeza moja moja, hafifu lakini wazi. Nalianya, na chini yake mwaka. Mutheu alilinganisha na karatasi zake kwa muda mrefu, akatazama rangi za shanga kwa kioo cha kukuza, akatazama tena jinsi mkono ulivyokata ile N. Akasema ni yake, hana shaka, na kwamba ataandika hivyo na kutia sahihi. Mimi nilipiga kelele za furaha. Yeyo hakuondoa mkono. Ndipo Mutheu akasema anataka kupumua hewa kidogo, akatoka nje.

Katoo, kama umesimama, keti.

Yule si Kokoo. Yule ni mtoto wa kwanza wa Yeyo. Ni dada yetu. Alizaliwa na kukua na kufa kabla yako na kabla yangu, na hatukuwahi kuambiwa.

Yeyo alinisimulia kwa Kimaa, akiwa bado amesimama pale. Mwaka ule baba alikuwa amewavusha ng'ombe mpakani kutafuta nyasi. Yeyo na binti yake walikwenda kupanga foleni ya unga, na Nalianya akamwona msichana akigeuka alipoitwa na mama yake. Akaanza kumchora, akaja bomani kuimalizia picha, akanywa chai isiyo na maziwa, na msichana akamcheka kwa sababu alikuwa anaongea na brashi zake. Alimwuliza jina, akaliandika, akamwachia mama picha ili mchoro ukauke mikononi mwa wenyewe. Kisha mvua zikarudi, na homa ikaja na mvua.

Unajua desturi ya wazee wetu. Mtu akishakufa jina lake halitajwi tena bomani. Lakini lake lilikuwa ukutani, na kila mtoto wa jirani aliyetoka shule alikuwa anasimama pale akilisoma kwa sauti. Yeyo hakuvumilia. Alichukua kisu akalikwangua. Hakujua kusoma, Katoo. Hakujua jina la mtoto linaishia wapi na la mchoraji linaanzia wapi, kwa hiyo akakwangua yote, kisha akapapaka mafuta na udongo mwekundu kama mtu anayebarikiwa. Hivyo ndivyo alivyouondoa ushahidi wake mwenyewe.

Nikamwuliza mbona alituambia ni Kokoo. Akasema hakutuambia. Ni sisi tulioanza kumwita hivyo tulipokuwa wadogo, na yeye akatuacha, kwa sababu alipenda kuona tunamsalimu.

Tangu siku ile nimeelewa kwa nini habari za Nalianya hazikumwisha mdomoni. Jina la mtoto wake hakuweza kulitaja, basi akataja la mchoraji, kwa kila mgeni, miaka yote hiyo, na sisi tukamcheka. Nimemwomba radhi. Yako utaileta mwenyewe.

Sasa jumba la sanaa linaiomba picha kwa maonyesho ya Nalianya, na Mutheu anauliza chini yake waandike nani. Mimi nilisema waandike tu msichana wa Kajiado. Yeyo alifikiri siku nzima. Jana baada ya kanisa akaniambia atalitaja jina, mara moja, mbele ya watoto wake, na baada ya hapo tutaamua pamoja kama dunia ilijue au la. Alikuwa tayari kuniambia palepale. Nikamzuia. Nilimwambia mtoto wake mwingine yuko Namanga, na sitalisikia kabla yako. Hii ndiyo ile sababu nyingine, maana jambo hili siwezi kulipigia simu.

Kwa hiyo njoo Jumamosi. Usiniletee habari za malori yaliyokwama mpakani. Mizigo ya watu ina mawakala wengine, Yeyo hana mwana mwingine. Picha nimeirudisha ukutani, na Evalyne nitamtafutia siku yake. Jumamosi ni yetu.

Msalimie Eunice, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,

Naisula,
mtoto wa tatu wa Yeyo